Uvumbuzi Wako Unaishia Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 1769 James Watt alikuwa na tatizo ambalo halikuhusu mvuke wala chuma. Fundi huyu wa vyombo vya kisayansi kutoka Scotland alikuwa amekwisha kugundua, miaka minne nyuma, namna ya kuiponya injini ya Newcomen ulafi wake wa makaa ya mawe. Injini ile ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712. Ilijaza mvuke ndani ya silinda, kisha ikaunyunyizia maji baridi humohumo ili ugeuke maji na pistoni ishuke. Silinda iliyokwisha kupoa ikabidi ipashwe moto upya kabla ya pigo la pili, na makaa yakateketea bure. Watt alizitenganisha kazi hizo mbili: silinda ibaki moto muda wote, mvuke ukapozwe katika chombo kingine pembeni. Tarehe 5 Januari 1769 akapewa hataza, yaani haki ya kuutumia uvumbuzi huo peke yake kwa miaka 14. Sharti lilikuwa awasilishe, ndani ya miezi minne, maandishi ya kuueleza.

Sasa aandike nini? Rafiki yake William Small, tabibu wa Birmingham, alimpa ushauri ulioongoza mambo kwa miaka 30 iliyofuata. Watt asiweke mchoro, wala asieleze mashine yoyote mahususi. Aseme tu, kwa lugha iliyo wazi, kwamba amegundua kanuni kadhaa. Hesabu ya Small ilikuwa ya kibiashara. Ukichora mashine, mshindani atajenga nyingine isiyofanana na mchoro wako, naye atatembea kifua mbele. Ukidai kanuni, kila injini itakayojengwa na mtu yeyote, kwa umbo lolote, huenda ikawa yako.

Maandishi ambayo Watt aliyasajili mwezi Aprili yalikuwa mafupi na hayakuwa na mchoro hata mmoja. Yalisema kwamba chombo ambamo mvuke unafanya kazi kiwe na joto sawa na la mvuke wenyewe; kwamba mvuke upozwe katika vyombo vilivyotengwa na hicho; kwamba hewa na mvuke usiopozeka vitolewe kwa pampu. Kisha yakatangatanga. Palikuwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mvuke, ambalo halikuwahi kufanya kazi ya maana. Palikuwa na orodha ya vitu vya kuzibia pistoni badala ya maji: mafuta, nta, utomvu, mafuta ya wanyama, zebaki na metali nyingine zilizoyeyushwa. Chombo cha kupozea mvuke kiwe na ukubwa gani, kikae wapi, kiungwe vipi na silinda, hayo hayakuandikwa.

Tukimlaumu Watt tutakuwa tumemwonea kidogo, maana sheria ya Uingereza yenyewe ilikuwa haijaamua maandishi yale ni ya nini. Zamani hataza ilikuwa zawadi ya mfalme. Malkia Elizabeth I aliwagawia wapendwa wake haki ya kuuza peke yao chumvi, karata na bidhaa nyingine za kila siku, mpaka Bunge likachoka. Sheria ya 1624 ikafuta ukiritimba wa namna hiyo na kubakiza mlango mmoja: aliyevumbua kwa kweli jambo jipya angeweza kupewa miaka 14, muda wa kutosha kuwafunza kazi wanagenzi wa awamu mbili za miaka saba saba. Hakuna aliyedaiwa karatasi. Mwanagenzi ndiye aliyekuwa maelezo ya uvumbuzi. Akihitimu, ujuzi umeingia nchini.

Karatasi zilianza kudaiwa mwanzoni mwa karne ya 18, na kwa miaka mingi hakuna aliyezisoma kwa ukali. Mabadiliko yaliletwa na lipu ya ukutani. Mwaka 1778 kesi ya Liardet na Johnson, iliyohusu lipu ya kupaka majumba ambayo haki zake zilikuwa mikononi mwa wasanifu maarufu wa ukoo wa Adam, ilifika mbele ya Lord Mansfield. Yeye akashikilia kwamba maandishi ndiyo bei ya hataza. Umma unampa mvumbuzi miaka yake, naye anaupa umma siri yake, kwa maneno ambayo fundi wa kazi hiyo anaweza kuyafuata akapata kitu kilekile. Mficha uchi hazai, na kuanzia hapo mficha siri naye hakustahili hataza.

Aliyeumizwa vibaya na kanuni hiyo ni Richard Arkwright, tajiri wa viwanda vya pamba vya Cromford. Hataza yake ya 1775 ya mashine za kuchambua na kuandaa pamba ilikuwa na michoro, lakini ni michoro ya kumpoteza mtu. Baadhi ya vitu vilivyochorwa havikuwa na kazi katika usokotaji wake wa pamba. Alipobanwa hakukana: alisema aliyafumba maandishi makusudi ili Wafaransa na wageni wengine wasiibe kazi yake. Utetezi huo uliwafurahisha wazalendo, ila wasokotaji wa Manchester, ambao hawakuwa Wafaransa, waliona ni wao waliofichwa. Februari 1785 Arkwright alishinda kesi moja, na miongoni mwa mashahidi waliosema kwamba maandishi yake yanaeleweka alikuwemo James Watt. Juni mwaka huohuo kesi nyingine ikasikilizwa mbele ya Jaji Buller. Hataza ikafutwa.

Watt na mshirika wake Matthew Boulton hawakulala usingizi mzuri baada ya hapo, maana walijua kilichoandikwa katika karatasi yao wenyewe, na wakati huo karatasi ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko kiwanda chao. Mwaka 1775 Bunge lilikuwa limewaongezea muda hadi 1800. Huko Cornwall, kwenye migodi ya shaba na bati isiyo na makaa ya mawe karibu, kila tani ililetwa kwa meli kutoka Wales. Boulton na Watt walitoza mrabaha wa theluthi moja ya fedha ambazo mwenye mgodi aliziokoa kwa kuachana na injini ya Newcomen. Mwanzoni watu walishangilia. Miaka ilipopita, kulipa kila mwezi kwa ajili ya makaa ambayo hayakuchomwa kukageuka kuwa kero, na mafundi wa Cornwall wakaanza kuuliza swali ambalo karatasi ya 1769 haikuwa na jibu lake: hataza hii inafika wapi hasa?

Edward Bull, aliyewahi kuwafanyia kazi Boulton na Watt ya kusimamisha injini, alijenga ya kwake iliyopinduliwa juu chini, silinda ikiwa imekaa moja kwa moja juu ya shimo la mgodi. Kwa macho haikufanana na ya Watt, lakini mvuke wake ulipozwa nje ya silinda. Akashtakiwa. Mwaka 1795 majaji wanne walitoa maoni yao, na miongoni mwao alikuwa Buller yuleyule, aliyekuwa amehamia mahakama hiyo mwaka uliotangulia. Yeye na Heath walisema kanuni tupu haiwezi kuwa mali ya mtu. Jaji Mkuu Eyre na Rooke wakasema Watt hakudai kanuni, alidai njia ya kuitumia. Wawili kwa wawili, hakuna hukumu. Wenye migodi wakashikilia fedha zao mfukoni, wakingoja. Mwaka 1799 mahakama nyingine, chini ya Lord Kenyon, ikaamua kesi ya Jabez Hornblower na mshirika wake Maberly, na safari hii majaji wote walikuwa upande wa Watt. Malimbikizo yakalipwa. Hataza ikaisha mwaka uliofuata.

Kwa hiyo Small alishinda. Ushauri wake uliwatajirisha wawili hao, na mimi sioni namna ya kuisoma historia hii bila kukiri kwamba ukungu katika maandishi ya Watt ulikuwa kitega uchumi. Lakini tazama pia kilichokosekana katika mabishano yale. Majaji waliuliza kama fundi anaweza kujenga mashine kwa kusoma karatasi, na mashahidi mahiri wakasema anaweza. Hakuna aliyemdai Watt sentensi moja inayosema: mpaka hapa ni pangu, kuanzia hapa ni pa watu wote. Kufundisha namna ya kutengeneza ni kazi moja; kuonyesha mpaka ni nyingine. Kazi hiyo ya pili ilizaliwa ng'ambo ya Atlantiki, kwenye kinu cha unga.

Oliver Evans wa Delaware alikuwa amebuni kinu ambacho nafaka iliingia upande mmoja na unga ukatoka upande wa pili bila mkono wa mtu kuugusa. Ndoo ndogo zilizofungwa kwenye mkanda zilipandisha nafaka ghorofani, parafujo ya mbao ikausukuma unga kwa ulalo, na juu kabisa palikuwa na reki inayozunguka, ikiutandaza unga moto ili upoe na kuusogeza taratibu kwenye chekeche. Kazi hiyo ya reki ilikuwa ya kijana wa kinu, na mashine ikapewa jina la kijana huyo. Hataza ya Evans ya 1790 ilikuwa ya tatu kutolewa na serikali mpya ya Marekani. George Washington mwenyewe alifunga mitambo hiyo katika kinu chake cha Mount Vernon. Thomas Jefferson naye alilipia, ingawa baadaye, katika barua ndefu ya Agosti 1813 kwa Isaac McPherson, aliuliza ni kitu gani kipya hapo, ikiwa mkanda wenye ndoo ulikuwa ukipandisha maji Misri na Uajemi tangu kale.

Swali la Jefferson lilikuwa kali kuliko alivyodhani. Sheria ya Marekani ya 1793 ilimtaka mvumbuzi aandike maelezo kamili, wazi na sahihi, ya kuutofautisha uvumbuzi wake na vitu vyote vilivyojulikana kabla. Evans alimshtaki mwenye kinu wa Pennsylvania, bwana Eaton, kwa kutumia ile reki ya kutandaza unga. Eaton akajibu kwamba reki yake ni ya mtu mwingine aitwaye Stouffer, na ilikuwepo kabla ya Evans. Kesi ilisikilizwa na Jaji Bushrod Washington, mpwa wa yule rais na mrithi wa Mount Vernon. Ilikwenda Mahakama ya Juu mwaka 1818, ikarudi, ikapanda tena. Evans alifariki 1819 kabla haijaisha. Mwaka 1822 Jaji Joseph Story akatoa uamuzi: kama Evans alivumbua reki yote, Stouffer alimtangulia, kama aliiboresha tu, karatasi yake haisemi ameboresha nini. Maandishi ya hataza, Story akaeleza, yana kazi mbili. Kwanza yamfundishe fundi. Pili yauonye umma kuhusu kile ambacho mvumbuzi anadai ni chake, ili mtu asiyejua asijikute mahakamani kwa kutumia kitu ambacho alifikiri ni cha wote. Hati ya shamba ikisema shamba linaanzia kwenye mwembe na kuendelea hadi pale rutuba inapokwisha, jirani atapanda wapi mihogo yake?

Onyo la Story liliwafikia wanasheria mapema kuliko Bunge. Wakaanza kumalizia maandishi kwa aya inayoorodhesha kile ambacho mteja wao anadai. Mwaka 1836 Seneta John Ruggles wa Maine akaifanya desturi hiyo kuwa sheria. Kwa miaka 40 hivi hataza za Marekani zilikuwa zikitolewa kwa kila aliyelipa ada, bila mtu kuangalia kama kitu ni kipya, na Ruggles aliziona nyingi kuwa takataka za kuwatishia watu. Sheria ya 4 Julai 1836 ilileta wakaguzi, na ikamtaka kila mwombaji ataje waziwazi sehemu, boresho au muungano wa vitu anaoudai kuwa uvumbuzi wake. Siku tisa baadaye hataza namba 1 ya mfumo mpya ilitolewa, na mwenye kuipata alikuwa Ruggles.

Madai hayo mapya yalikuwa bado hayana meno. Mengi yalimalizia kwa kusema mvumbuzi anadai mashine yake kama ilivyoelezwa hapo juu, na majaji wakachukua kiini cha uvumbuzi kutoka katika maelezo na kukitanua kwa kadiri walivyoona haki. Aliyewalazimisha kufikiri upya alikuwa mchoraji wa picha.

Samuel Morse alipata wazo la telegrafu mwaka 1832 akiwa melini kutoka Ulaya, akapewa hataza 1840, na Mei 1844 akapeleka ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore. Hataza yake ilipotolewa upya 1848 ilikuwa na madai manane. Saba ya kwanza yalishika vifaa na njia: sumaku za umeme, namna ya kuunga saketi moja na nyingine ili ishara isife njiani, mfumo wa nukta na mistari. La nane lilikuwa la ajabu. Morse alisema hajifungi na mashine yoyote aliyoieleza. Anadai matumizi ya nguvu ya umeme-sumaku, kwa namna yoyote itakayobuniwa, kuandika au kuchapa alama mahali popote pa mbali.

Henry O'Reilly, aliyekuwa na mkataba wa kujenga laini za Morse kabla ya kukosana na wenzake, alivuta waya wake mwenyewe kutoka Louisville hadi Nashville, akitumia kifaa alichodai ni tofauti. Akashindwa Kentucky, akakata rufaa. Januari 1854 Jaji Mkuu Roger Taney aliandika uamuzi ambao wanafunzi wa sheria bado wanausoma. Madai saba yalisimama, na O'Reilly alikuwa amekiuka hataza. La nane likaanguka. Taney alisema huenda kesho atatokea mtu atakayeandika kwa umeme kwa njia rahisi kuliko ya Morse, isiyo na kifaa hata kimoja cha Morse, lakini dai hilo litamnyima ruhusa ya kuitumia. Hakuwa akiota ndoto. Alexander Bain wa Scotland alikwisha kuwa na telegrafu isiyotumia sumaku kuandikia, ambayo mkondo wa umeme wenyewe ulibadili rangi ya karatasi iliyochovywa kemikali. Jaji Grier alipinga kwa nguvu. Kwake Morse alikuwa amegundua sanaa mpya na alistahili sanaa yote. Namwelewa Grier. Ila dai la nane lilikuwa ushauri wa Dakta Small uliokomaa: mtu anataja lengo, na kila njia ya kulifikia inakuwa yake.

Sheria ya 1870 ikakaza uzi. Safari hii mvumbuzi alitakiwa si kutaja tu, bali kuonyesha mahususi na kudai kwa udhahiri. Matokeo yalionekana haraka. Joshua Merrill wa Boston alikuwa na njia ya kuondoa harufu mbaya ya mafuta mazito yanayotokana na petroli, yafae kulainishia mashine. Dai lake lilizungumzia utengenezaji mpya wa mafuta yasiyo na harufu, yanapotendewa kama alivyoeleza. Alimshtaki Yeomans, mfanyabiashara wa mafuta. Je, alichodai ni mafuta yenyewe, au njia ya kuyatengeneza? Sentensi ilikubali kusomwa hivi na vile, na Merrill alitaka isomwe kwa namna itakayomnasa muuzaji. Mwaka 1876 Jaji Miller aliyalinganisha maelezo na dai, akaona karibu kila kitu kinahusu njia, akamhukumia hivyo, na Merrill akashindwa. Miller hakumwonea huruma. Sheria imewapa wavumbuzi nafasi ya kutosha kusema wanachotaka, na umma una haki ya kukijua. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza kwa uzito huo, ukungu ulimgharimu aliyeuweka.

Kutoka hapo dai liliikamata hataza nzima. Maelezo yaliweza kuwa na kurasa 100. Kesi ilitegemea aya za mwisho. Uingereza, iliyokuwa imechelewa, iliagiza katika sheria ya 1883 kwamba maandishi yamalizie kwa tamko bayana la kinachodaiwa. Ikazuka hata desturi ya ajabu, inayofuatwa hadi leo, kwamba kila dai liwe sentensi moja tu, hata likienda nusu ukurasa likiwa limebebana na vishazi kama treni ya mizigo.

Taa ya umeme ilitoa mfano wa madai yanayotanuka mno. William Sawyer na Albon Man walifanya majaribio kwa karatasi iliyochomwa ikawa kaboni, kisha hataza yao ya 1885 ikadai uzi wa taa wa kaboni kutoka kitu chochote chenye nyuzi au cha kufumwa. Thomas Edison, kwa upande wake, alijaribu mimea zaidi ya 6,000 na kutuma watu hadi Japani na bonde la Amazoni kabla ya kutosheka na aina chache za mianzi. Kampuni iliyoshika haki za Sawyer na Man ikashtaki kampuni ya umeme ya mji wa McKeesport, Pennsylvania, iliyotumia taa za mianzi. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ilisema wangeweza kudai nyuzi zote kama wangegundua sifa inayoziunganisha zote. Hawakugundua. Mimea karibu yote ya Edison ilishindwa, na dai lao liliikumbatia yote.

Miaka 40 na ushei baadaye taa ikarudi, safari hii kwa uzi wa tungsteni. Aladar Pacz wa General Electric alipata namna ya kuufanya uzi usilegee ukipata moto, kwa kukuza chembe za metali ndani yake. Dai lake lilisema chembe hizo zina ukubwa na umbo la kuzuia uzi usilegee. Hebu lisome tena. Upya wote umo katika ukubwa na umbo, na ukubwa na umbo umeelezwa kwa kazi yake peke yake. Mshindani aliyetaka kujua chembe za uzi wake ziko ndani au nje ya hataza alipaswa kuwasha taa na kungoja. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliifuta hataza hiyo. Mwaka 1942, katika kesi ya vidonge vya masizi meusi ya viwandani, ikaeleza hofu yake kwa jumla: madai yasiyo dhahiri huzunguka hataza kwa eneo la mashaka, na watafiti wengine wakilikaribia wanaogopa kukanyaga.

Ulaya iliandika wazo hilo kwa kifupi. Mkataba uliotiwa saini Munich tarehe 5 Oktoba 1973 unasema madai yawe wazi, mafupi, na yaungwe mkono na maelezo. Kwa miongo mingi Kenya ilisajili tu hataza zilizokwisha kutolewa London, hadi ilipotunga sheria yake ya 1989. Iliyofuata, ya 2001, inadai mambo hayohayo matatu.

Marekani ikakumbana na swali jingine, la nani asome mpaka. Herbert Markman alikuwa na hataza ya mfumo wa kufuatilia nguo katika duka la dobi. Mshindani wake, Westview, alifuatilia ankara na fedha, si suruali na mashati. Yote yalitegemea maana ya neno la dai linalohusu orodha ya mali iliyopo. Baraza la juri lilimpa Markman ushindi. Jaji akautengua kwa kusema orodha hiyo lazima ihusishe nguo zenyewe. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliunga mkono: kufasiri dai ni kazi ya jaji.

Uamuzi huo ulifaa, lakini ulileta ugonjwa wake. Majaji wakishakuwa wafasiri, wanaweza kufasiri karibu kila kitu. Mahakama ya Rufaa inayoshughulikia hataza, iliyoanzishwa 1982, ikazoea kusema dai halibatiliki kwa kukosa udhahiri ila utata wake uwe hauwezi kutatuliwa kabisa. Kizingiti kikawa juu mno, ingawa baadhi ya madai yaligonga kichwa hata hapo: mwaka 2005 lilianguka dai la programu ya kompyuta lililotaka kioo chenye mwonekano wa kupendeza. Kumpendeza nani, hakuna aliyejua.

Mambo yakafika kileleni kwa mashine ya mazoezi. Gregory Lekhtman alikuwa na hataza ya 1994 ya kifaa cha kupima mapigo ya moyo kwa kukamata mpini. Tatizo alilolitatua lilikuwa la kweli: misuli ya mikono nayo hutoa umeme, na umeme huo hufunika ule wa moyo. Lekhtman aliweka elektrodi mbili kwa kila mkono, akazipanga ili kelele ya misuli ya kushoto na ya kulia zilingane na kufutana, moyo ubaki peke yake. Dai lilisema elektrodi mbili za mkono mmoja ziwekwe kwa kuachana nafasi. Nafasi kiasi gani? Halikusema. Biosig, kampuni iliyoshika hataza hiyo, iliishtaki Nautilus, mtengenezaji wa vifaa vya mazoezi. Mahakama ya New York iliona dai halimwambii mtu chochote kuhusu nafasi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikalifufua, kwa sababu lilikuwa linafasirika.

Tarehe 2 Juni 2014 Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiungwa mkono na wenzake wote, aliitupa kanuni ya utata usiotatulika. Aliandika kwamba bila sharti la maana la uwazi, waombaji wa hataza wana kishawishi kikubwa cha kuingiza utata katika madai yao. Dakta Small angelitambua hilo mara moja. Kipimo kipya kilikuwa kwamba dai, likisomwa pamoja na maelezo na kumbukumbu za ofisi, limwarifu fundi wa fani hiyo upeo wa uvumbuzi kwa uhakika wa kuridhisha. Miezi michache baadaye kipimo hicho kiliangusha hataza za kampuni ya Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, zilizodai kuonyesha picha kwenye kioo kwa namna isiyomsumbua mtumiaji.

Kesi ya Nautilus yenyewe ilirudishwa chini ipimwe upya. Aprili 2015 Mahakama ya Rufaa ilitoa jibu. Nafasi kati ya elektrodi, ilisema, haiwezi kuzidi upana wa kiganja, maana mkono mmoja lazima uziguse zote mbili. Wala haiwezi kuwa ndogo kiasi cha kuzifanya mbili kuwa kitu kimoja. Kati ya miisho hiyo, fundi angejaribu na kurekebisha hadi kelele ya mikono miwili ilingane, na maelezo ya Lekhtman yalimwonyesha namna ya kujua zimelingana. Dai lilikuwa dhahiri vya kutosha. Nautilus ikashindwa tena, kwa kipimo kilekile ilichokwenda Washington kukiomba.